Mwaka wa Vichwa Vinne

Binti yake Hafidh alikuja kwangu Msuka siku ya tatu ya msiba, khitma bado haijasomwa. Alifuatana na wifi yake, wote wamejitanda mabuibui, wakavua viatu nje kabisa ya kibaraza kwa adabu nyingi, nikajua hapo hapo kwamba wana haja. Nilikuwa nakuna nazi. Nikawakaribisha ukumbini, nikawapa maji, wakanywa bila kuniangalia. Salma, ndiye binti, akaanza: "Bibi, tumekuja kukutaka radhi. Baba katika maradhi yake ya mwisho alikutaja. Alisema mwendeeni Bi Mize wa Msuka, mwambieni anisamehe." Nikamuuliza, "Nimsamehe nini?" Akasema, "Hakusema, Bibi. Alisema wewe unajua." Nikacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri, wifi mtu akashtuka. Hata kufa kwake Hafidh alikwenda kwa mtindo wake ule ule: neno zito alibebe mwingine, yeye apite. Nikawaambia wakae, kwa sababu nitakachosema si cha kusikilizwa mguu mmoja nje. Hapa naandika niliyowaambia, na mengine niliyoyameza kwa kuwa yule ni mtoto wa mtu na babake hata kaburi halijakauka.

Mwaka ule nilikuwa Wete, kijana, nguvu zimejaa, nafagia na kupika chai katika ofisi ya mradi wa ramani. Ndege ilikuwa imepita juu ya Pemba nzima ikipiga picha, mikarafuu, minazi, mabonde ya mpunga, na picha zile ziliingizwa kwenye mashine ili zitoke ramani. Wafadhili wa nje ndio walioileta mashine hiyo. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mawe, upande wa kuteremkia bandarini, chini ukumbi na jiko la nje, juu vyumba viwili. Chumba cha mashine ndicho peke yake kilichokuwa na kiyoyozi, na mlango wake ulikuwa na funguo mbili, moja kwangu na moja kwa bwana mkubwa. Kila nikiingia asubuhi baridi ilinipiga usoni, nje jua linawaka, ndani mithili ya maji ya kisima. Mashine yenyewe ilikuwa kasha la rangi ya majivu, kimo chake chanifika kiunoni, linavuma siku nzima. Mimi nililizoea. Nikifagia nilikuwa nalisalimia.

Bwana mkubwa ndiye Hafidh. Alikuwa amesoma nje, suruali ina mkunjo wa kukata, shati jeupe, ananukia udi tangu ngazini. Alifika ofisini watu washatangulia zamani, akaketi, akaletewa kahawa na halua, na kabla hajaonja alikuwa amekwisha kumkaripia mtu. Jina langu hakulitaja. Akiniita aliniita "wewe," na mbele ya wageni nilikuwa "huyu wetu wa usafi." Mzee Faki, mlinzi wa getini, mtu wa Shumba mwenye maneno, akimwona anakuja aliniambia chinichini: "Mize, harufu imefika, mwenyewe yuko nyuma." Tulikuwa tunacheka mpaka nalazimika kuziba mdomo kwa kanga.

Sasa kazi ya mashine niliipataje mimi, mtu wa chuo cha Kurani na kisomo cha watu wazima, ndiyo Salma aliyotaka kuijua. Sikuitafuta. Umeme wa Pemba siku zile ulikuwa unakatika ovyo, na fundi wa mradi, Makame, alikaa Unguja. Akataka kila asubuhi ofisi ikifunguliwa mtu aandike amri moja, asome jibu, amwambie kwa simu. Mtu huyo alikuwa awe Hafidh. Hafidh hakutaka kuamka. Siku moja akanishika kidole cha shahada, hakuniomba, akanigongesha nacho kwenye kibodi herufi moja baada ya moja, psrinfo, kisha kile kitufe kikubwa cha pembeni, akasema, "Wewe ndiye unayefungua mlango, wewe andika. Likitoka jibu msomee fundi. Usiguse kingine." Basi. Hayo ndiyo masomo yote aliyonipa. Mengine alinifundisha Makame kwenye simu, mtu ambaye sikuwahi kumwona uso kwa miezi na miezi, na sauti yake mpaka leo nikiisikia katikati ya sauti mia nitaijua.

"Bi Mize, shikamoo," alikuwa akisema, ingawa tulikuwa takribani rika moja. "Marahaba," namjibu kwa kiburi. "Wamekuambia ndani ya kasha hilo mna nini?" Nikamwambia hawakuniambia, nimeambiwa nisiguse. Akacheka. Akasema mna vichwa vinne, prosesa zinaitwa, vinafanya kazi moja kwa pamoja, kama wapishi wanne waliozunguka sufuria moja la harusi. Mmoja akilala pilau litaiva, lakini wageni watakaa na njaa. Amri ile ndiyo kuchungulia jikoni kuona nani yuko macho. Kwenye skrini hutoka mistari, kila kichwa mstari wake, na namba yake mbele. Ukiona on-line, yuko macho. Ukiona off-line, kalazwa. Nikasoma mara ya kwanza nikakwama mwanzoni kabisa. "Fundi, wa kwanza kaandikwa sifuri." "Ndiyo, wanaanza kuhesabu na sifuri." "Sifuri si kitu, sifuri ni patupu. Patupu patakuwaje macho?" Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Bi Mize, nami nilimuuliza mwalimu wangu hivyo hivyo, nikatolewa nje." Tokea hapo ikawa ndiyo asubuhi yangu. Nafungua, nawasha jiko la mafuta, maji yanapanda moto huku nagonga herufi zangu, nasoma: sifuri macho, moja macho, mbili macho, tatu macho. Makame anasema, "Alhamdulillahi, wapishi wote wapo. Na wewe umekula nini?" Namwambia muhogo wa nazi na chukuchuku ya samaki changu, yeye ananiambia kala mkate wa boflo umekauka, namwonea huruma. Sina haja ya kuficha: nilikuwa naamka kwa furaha. Kulikuwa na maneno kwamba mwaka ukiisha nitaandikwa mfanyakazi kamili. Na Khamis, kijana aliyekuwa akipika halua pale Wete, alikuwa keshatuma watu kwetu, na posa imepokewa.

Ubani ndio ulioharibu mambo. Siku moja alikuja mkubwa mmoja kututembelea, akaisifu mashine, akaizunguka, akaipiga makofi ubavuni kama ng'ombe, hakusema mashaallah. Hafidh akarudi kwa mamake amebadilika rangi. Ijumaa iliyofuata akaja na mfuko wa ubani na udi na chetezo cha udongo, akaniambia nitie makaa. Nikamwuliza, "Bwana, humu ndani?" Akanitolea macho. "Kusoma ni kusoma, hasadi ni hasadi. Unataka watu waniharibie kazi yangu?" Nikafukiza pembe za chumba kama tunavyofukiza nyumba. Akasema si hivyo, lete karibu, hapa kwenye matundu. Kasha lile lina matundu mbele, na ndani mna mapanga ya feni yanayovuta hewa ili vichwa vipoe. Moshi ulipofika ukaingia wote kwa pamoja, umenyooka, kama mtu anavuta. Hafidh akafurahi kama mtoto. "Unaona? Inapokea!" Basi ikawa kila Ijumaa kabla ya sala. Akiwepo anasimamia mwenyewe, anasema ongeza, ongeza. Mzee Faki akinusa kutoka getini hupaza sauti: "Wee Mize! Bwana harusi kishatiwa manukato?"

Miezi ikaenda. Kisha asubuhi moja nimegonga herufi zangu, maji yanachemka, nasoma: sifuri macho, moja macho, mbili off-line. Nikadhani macho yangu. Nikagonga tena, jibu lile lile. Nikamwambia Makame. Hakucheka. Akasema, "Ndiyo, nimekilaza mimi jana jioni kwa waya wa simu, kilikuwa kinapata joto na kinatoa makosa. Kiyoyozi kinafanya kazi?" Nikamwambia natetemeka kwa baridi. "Basi ajabu. Nipe bwana mkubwa akija." Hafidh alipofika nikampa simu, nami nikakaa mlangoni na sinia la kahawa mkononi, nasikia upande mmoja wa maneno. "Hapana. Hakuna. Chumba safi. Hapana bwana, hakuna anayeingia humu ila mimi na huyu wa usafi." Akanitazama. Baada ya wiki chache kikalazwa namba tatu, kisha namba moja, ikabaki sifuri peke yake inapika harusi nzima. Ramani iliyokuwa ikitoka kati ya kahawa na adhuhuri sasa ikawa inatambaa siku mbili, tatu, na wafadhili wakaandika kwamba wanakuja kuangalia. Ijumaa hizo zote Hafidh aliongeza ubani. Aliona hasadi imezidi.

Siku aliyonitoa kazini ilikuwa Jumamosi, na sikuitwa juu. Aliteremka yeye, akasimama barazani, watu wanapita kwenda sokoni na makapu yao, akasema kwa sauti ya kutosha mtaa: "Wewe! Umeiloweka mashine ya watu kwa ndoo yako ya maji! Umeiua!" Nikamwambia, "Bwana Hafidh, chumba kile ulinikataza maji tangu siku ya kwanza, nafagia kwa fagio na kitambaa kikavu, wajua." Akasema, "Unanibishia? Unajua thamani ya kitu kile, ukoo wenu wote ukiuzwa?" Watu wakasimama. Mwanamke mmoja na samaki zake kichwani akasema, "Ee Mola, masikini." Sikujua anamsikitikia nani, mimi au mashine. Funguo yangu akaitaka pale pale, akaipokea kwa kutandaza leso kiganjani, kana kwamba mkono wangu una najisi. Hilo la leso ndilo nililokuwa nikilikumbuka zaidi, miaka yote hii, kuliko hata maneno.

Kutoka siku ile Wete nzima nilikuwa ni Mize aliyeiua mashine. Watoto wa mtaa walinifuata wakivuma kwa midomo, vuuu, kisha wanakata ghafla na kuanguka chini wamekufa. Mamake Khamis akaja kwa shangazi yangu niliyekuwa nikikaa kwake, hakukubali hata kuketi. "Mwenye mkono wa kuharibu mali ya serikali atashindwa kuharibu nyumba ya mwanangu? Posa tumeirudisha, msituchukie." Nilikuwa nyuma ya pazia nachambua mchele. Sikulia. Nikaendelea kuchambua, nikatoa chuya zote na nusu ya mchele mzima nikautupa pamoja nazo, shangazi akanigombeza, na mimi kichwani nina kitu kimoja tu: Hafidh, utanilipa, na nitakulipisha mchana, mbele ya watu, kama ulivyonifanya.

Mzee Faki ndiye aliyenipa siku. Tulikutana sokoni kwenye muhogo, akajifanya anachagua. "Wafadhili wanakuja Ijumaa. Na yule fundi wa Unguja anavuka nao. Mie sijasema kitu." Ijumaa ile niliamka, nikaoga, nikavaa kanga yangu mpya ambayo ilikuwa ya sanduku la harusi, nikatia makaa kwenye chetezo cha shangazi, nikafunga ubani nguoni. Getini Mzee Faki akageuka ukutani. "Pita, jicho langu lina mchanga." Nikapanda ngazi. Juu palikuwa na wazungu wawili, Hafidh kavaa tai, na mwanamume mfupi mwenye bisibisi mkononi kapiga magoti mbele ya kasha, ndiye Makame. Hafidh alikuwa katikati ya maneno, anaeleza habari ya ndoo. Nikatia ubani kwenye makaa, moshi ukajaa mlangoni, nikasema kwa sauti ya kazi kabisa: "Bwana Hafidh, samahani nimechelewa. Ijumaa leo. Nifukize matundu yote au yale ya mbele tu kama kawaida?"

Kisha Makame, bila kuinuka, akasema polepole, "Bi Mize?" Nikamwambia, "Ndiye mimi." "Kama kawaida gani?" "Kila Ijumaa, kwa amri ya bwana, mpaka aseme inatosha. Naye alikuwa hasemi inatosha." Hafidh akanijia, "Toka! Huyu ana wazimu!" lakini Makame keshafungua kifuniko, na chenyewe kikasema. Mapanga yale yalikuwa meusi, yamegandiana utando wa kunata, chini ya vichwa pamezibwa na utomvu na vumbi kama sufuria ya kaimati iliyosahauliwa motoni. Na chumba kizima, hata juu ya moshi wangu, kikanukia msikiti. Makame akapitisha kidole, akakinusa, akamnyooshea Hafidh anuse. Nilimwona Hafidh akinusa. Wallahi, nimezaa, nimewaoza wanangu, nimeshika wajukuu, lakini kwa utamu wa moyo bado sijapata siku inayoipita ile.

Na ilidumu muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwa sababu wazungu walipotafsiriwa wakacheka. Walicheka kwa mapenzi, wakapiga picha chetezo, wakampigapiga Hafidh begani, wakaona ni kisa kizuri cha kwenda kusimulia kwao mezani. Na Hafidh, mwerevu, akacheka nao, akawaeleza mila zetu, akajifanya mwalimu. Baada ya miezi akahamishwa Unguja, cheo juu. Mimi sikurudishwa. Makame alinisemea, najua, akaambiwa mambo yameshakwisha usiyafukue. Na kule barazani, mbele ya wale wenye makapu, hakuna mtu aliyeteremka kusema Mize hakuiua. Walionisikia nikiumbuliwa walikuwa mtaa mzima. Waliosikia ukweli walikuwa watu wanne chumbani, na wawili hawajui Kiswahili. Nikarudi Msuka nikafunga mwani baharini, nikaolewa na mwingine, na miaka mingi baadaye katika harusi mwanamke nisiyemjua aliniangalia sana kisha akamnong'oneza mwenziwe: ndiye yule wa mashine.

Salma alisikiliza mpaka mwisho. Analia, lakini kimya, ana adabu yule. Akasema, "Bibi, nakubembeleza kwa Mungu. Baba yuko peke yake kule." Nikamwambia, "Babako aliniharibia jina kwa mdomo wazi. Nataka lisafishwe kwa mdomo wazi. Kwenye khitma, Wete, mbele ya wanawake wote wa mtaa ule, useme alinisingizia. Ukisema hivyo, ndipo uniulize." Wifi yake akaruka, "Bibi, mtu anamfedhehi babake maiti?" Nikamjibu, "Mimi nilifedhehiwa mzima."

Siku ya khitma nilikwenda Wete, nyumbani kwao. Nyumba imejaa, wanawake wamepanga miguu mpaka uani, kisomo kimekwisha, masinia ya pilau yameanza kutembea, na kwa wanaume sauti ya shehe inasikika ikiuliza watu mmemsamehe marehemu, wakajibu tumemsamehe, na wanawake wa chumba changu nao wakaitikia tumemsamehe. Mimi nikafinyanga tonge yangu. Hapo Salma akasimama katikati ya masinia. Nilidhani hatathubutu. Mtandio unamtetemeka kwenye kidevu, lakini sauti ilitoka: "Mama zangu, kuna la baba sharti niliseme. Bi Mize huyu, mnaambiwa aliharibu mashine ya mradi. Hakuharibu. Baba ndiye aliyeharibu, akamsingizia yeye, na alijua." Mikono yote ikasita juu ya wali. Bibi mmoja mzee pembezoni akasema kwa sauti, "Subhanallah, na sisi tulisema!" Nikawaangalia mmoja mmoja, taratibu, sina haraka, mpaka waliokuwa na umri wa kukumbuka wakainamisha macho.

Salma akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono, yangu ina mafuta ya pilau. "Nimesema, Bibi. Sasa msamehe." Nami nilikuwa na nia, Mungu shahidi, nilitoka Msuka na nia. Lakini nilipofungua kinywa nikaona aliyepiga magoti ni huyu mtoto, anayetetemeka ni huyu mtoto, na kesho atakayetazamwa vibaya ni yeye. Hafidh hata leo kamtuma mwingine. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu, nikamwinua, nikamketisha kwenye sinia langu.

"Wewe, mwanangu, hukunikosa kitu, na radhi zangu zote unazo. Kula," nikamwambia. "Yeye tutaonana."